Chini ya Magunia

Julai, Uyole. Ukungu bado umelalia viazi.
Mbwa yuko chini ya magunia, kovu la waya shingoni,
nami nimenyoosha mkono: njoo, njoo, njoo.

"Acha kuita," akasema Mama Gwantwa,
aliyefunza mbwa wa polisi miaka ishirini na miwili
na sasa analea waliotupwa, tisa, nyuma ya jiko lake.
"Jina likiitwa mara saba huwa upepo.
Kaa chini. Mgeuzie ubavu. Usimkodolee macho,
humdai kitu."

Nikakaa. Tope likapanda suruali.
Nikamuuliza: na wale wa kikosini, ulikuwa ukiwapiga?

Akavuta blanketi mabegani.
Akanyamaza muda wa chai kupoa.
"Mmoja. Aliitwa Kamanda.
Nilimpiga, akatii.
Tangu siku ile, kila nilipovua kofia
alijikojolea."

Hakuongeza neno. Akanimegea kiazi cha kuchemsha,
nikakiweka hatua moja kutoka gotini.
Lori la Tunduma likapiga honi,
mbwa akarudi gizani, kiazi kikapoa na chai.

"Kwa leo yametosha," akasema, akijipangusa.
"Kesho saa hii hii, suruali hiyo hiyo, usiifue.
Mbwa husoma harufu,
nia yako njema haijui kusoma."

Mke wangu alilalamika kuhusu suruali.

Siku ya kumi na moja alikula.
Kisha akaja, akaweka kidevu juu ya kiatu changu,
akashusha pumzi ndefu, ya moto,
nikaisikia hadi kwenye soksi.

Mikono yangu
nilikuwa nimeikalia.