Atokako

Bi Kabula ana daftari la kurasa mia mbili,
jalada lake limelowa mafuta ya dagaa.
Safu ya kwanza jina, ya pili magunia,
ya tatu kaiandika kwa wino mwekundu: ATOKAKO.
Kila mnunuzi anayeingia bandani kwake, Mwaloni,
huulizwa kabla ya bei, kabla hata ya maji:
"Nani kakuelekeza huku?"

Nilipomtengenezea tovuti alitaka swali lilelile.
Nikasema, lipo, JavaScript inalo,
document.referrer, mstari mmoja tu,
kesho asubuhi utakuwa umefahamu.

Wiki ikapita. Nikampelekea hesabu:
arobaini na mmoja wametoka kwenye kitafutio,
tisa kwa wachuuzi wa Kahama,
mia mbili na sita, mtungo mtupu.
Alama mbili za kunukuu zimekumbatia hewa.
"Hawa mia mbili," akauliza, "wamedondoka mbinguni?"

Tukakaa juu ya magunia.
Mama, vivinjari havikulelewa nyumba moja.
Kimoja hutaja njia nzima, mtaa, mlango,
hata ukurasa aliokuwa anausoma mtu.
Kingine hutaja mji, basi, kikafunga mdomo.
Kingine mwenyewe kakikataza kusema.
Anayebonyeza kiungo ndani ya ujumbe wa simu
mara nyingi hufika bila neno.
Anayetoka kwenye kufuli kwenda pasipo kufuli
huvuliwa asili yake njiani.
Na yupo anayejiandikia barua ya utambulisho,
akaigonga na muhuri.
Usimfungulie mtu ghala kwa barua hiyo.

"Kama yule wa Sengerema," akasema.
"Eti katumwa na kaka yangu."
Gunia kumi na mbili. Hakuendelea.

Sikumwambia kuhusu herufi.
Kule chini, mashine zinakosalimiana,
neno lenyewe lilikosewa tangu siku ya kwanza:
r moja ilianguka na hakuna aliyeiokota,
sasa seva zote duniani zimezoea kosa.
Siwezi kulicheka.
Baba ni Ng'wanankamba;
karani alisikia Mwanankamba, akaandika alivyosikia,
na mimi nimesoma, nimeajiriwa,
nimefungua akaunti benki kwa sikio la karani.

Alhamisi ikaingia oda ya gunia thelathini, Tunduma.
Nikaangalia safu ya tatu. Hewa.
Bi Kabula akapiga simu, akaweka spika:
"Karibu sana. Nani kakuelekeza huku?"
Sauti ikakwaruza, nyuma yake lori linaunguruma:
"Gunia, mama. Nilikuwa nimelikalia,
nasubiri mvua ikatike. Ubavuni kuna anwani,
rangi ya bluu. Nikaiandika kwenye simu
herufi moja moja, mara ya tatu ikakubali."

Tukageuka wote wawili.
Baba alikuwa kule mlangoni, ameinama,
kopo la rangi iliyobaki ya mitumbwi mguuni pake,
anaikandamiza nukta ya mwisho kwa kidole gumba
kwa sababu brashi, anasema, haijui nukta.

Msimbo sikuugusa.
Mtungo mtupu ukabaki mtupu.
Bi Kabula akafungua daftari, akalamba ncha ya kalamu:
"Jina la babako linaandikwaje?"
Nikamtajia. Ene. Ge. Kibano juu, mama,
usikisahau kibano.