Ankara ya Umeme

Tuliondoka Vanadzor kabla jogoo wa jirani hajakohoa,
watano ndani ya Zhiguli ya marehemu baba mkwe,
mlango mmoja unafunguka kwa kubembelezwa,
mwingine haufunguki kabisa.
Hrayr alikuwa ameandika orodha
nyuma ya ankara ya umeme:
shimo la mtakatifu, miamba myekundu, mvinyo wa shangazi,
na juu kabisa, kwa herufi kubwa, MLIMA.

Mlima wetu uko ng'ambo ya mpaka, na mpaka umefungwa.
Tunao kwenye mihuri, kwenye chupa za konyaki,
kwenye kalenda ya jikoni iliyopitwa na miaka miwili,
ila wanangu walikuwa hawajautia machoni.
"Leo," akasema, akiupapasa usukani kama shingo ya punda,
"leo mtauona."
"Na safina?" akauliza Tatul.
"Na safina, labda."
Arpi, wa miaka minne, alikuwa ameshatapika.

Tulifika saa nne. Ukungu ulifika saa tatu.
Mizabibu, seng'enge, mnara wa walinzi,
kisha weupe mtupu,
kana kwamba mtu ameanika shuka akasahau kulianua.
Hrayr akanyoosha kidole. "Uko pale."
Watoto wakatazama kidole.

Milima haikutani, wahenga walisema.
Sisi tuliendesha kilomita mia na sitini kuupigia hodi,
tukaambiwa haupo nyumbani.

Langoni kijana wa kofia ya kandanda aliuza njiwa:
unanong'ona ombi, unamwachia, anakwenda nalo.
Nairi alilipa kwa fedha zake za Pasaka.
Njiwa akazunguka paa mara mbili,
akarudi kizimbani mwake kama mtu aliyesahau funguo.
Baadaye tukamwona mikononi mwa bibi harusi,
yuleyule, wa kidole kilichopinda.
"Amemuuza tena," akasema Nairi.
"Ombi langu sasa ni la nani?"
Sikuwa na jibu. Nilimpa yai la kuchemsha.

Tatul akateremka shimoni kwa ngazi ya chuma.
Sauti yake ikatupandia ikiwa imenenepa:
"Miaka kumi na mitatu humu! Choo kilikuwa wapi?"
Mtawa akageukia ukuta,
mabega yakicheka peke yake.

Kisha Areni, kwa shangazi Hripsime,
mvinyo ndani ya chupa za soda,
apricoti zilizotupa gundi hadi kwenye nywele.
Kisha miamba myekundu, na kanisa lenye ngazi ya nje,
nyembamba, isiyo na pa kushika.
Watoto walipanda kama mbuzi.
Mimi nilikwama kidato cha saba,
nikashuka kwa makalio mbele ya watalii,
na hadi leo hakuna mtu wa nyumba hii
anayekula chakula bila kulikumbuka hilo.

Kurudi, Hrayr hakusema neno.
Taa nyekundu moja aliivuka bila kuiona.
Yerevan tukaiacha nyuma, Ashtarak tukaiacha,
barabara ikaanza kupanda,
Nairi na Tatul wakalala vinywa wazi, kichwa juu ya kichwa.
Arpi pekee alikuwa amepiga magoti kitini,
uso kwenye kioo cha nyuma.
"Mama," akasema, "kile kitu kinatufuata."

Nilidhani mwezi.
Hrayr akainua macho kwenye kioo chake,
na mguu ukaondoka wenyewe kwenye mafuta.
Vilele viwili, kikubwa na kidogo,
rangi ya ndani ya shavu,
vimetoshea kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti.
Akaegesha kando. Mlango ukagoma,
tukabaki ndani, tukitazama kinyumenyume.
"Tuwaamshe?" nikauliza.
Hakujibu, na mimi sikuwaamsha.
Kesho Tatul atasema ni uongo.

"Hakuna safina," Arpi akatoa taarifa.
"Umevua viatu tu."
Akawapungia mkono, wote wawili, kisha akalala.

Hrayr akaitoa orodha mfukoni.
Vyote vilikuwa vimekatwa isipokuwa kimoja.
Hakukikata. Kando yake, kwa herufi ndogo,
akaandika: Arpi.
Upande wa pili,
ankara ilikuwa bado haijalipwa.