Kipuri Namba Kumi na Saba

Pini imekatika ncha. Nimeiweka kwenye kopo la dawa ya viatu,
nyepesi kuliko punje ya karanga,
na bunduki nzima ya kijiji, kitako cha mninga, mitutu miwili,
sasa ni mchi usio na kinu.

Jumanne usiku tembo waliingia mahindi ya Bi Somoe Nangonga.
Nilisimama, nikalenga mawingu, nikavuta.
Ta.
Sauti ya mtu anayefunga sanduku.
Jike kubwa likageuza sikio moja, likaendelea kula.

Ndipo tukapanda kilimani, mimi na Mwanaidi wa kwa Likwawa,
aliyemaliza kidato cha nne na Kiingereza chake kingali na chaki,
kupigia kiwanda. Kwao mchana, kwetu Mpigamiti saa nne ya usiku.
Kwanza kinanda. Polepole, kama harusi ya watu wasiojuana.
Salio la elfu tano likawa la elfu tatu,
na bondeni nasikia mabua yakivunjika.

Mama wa kiwandani ana adabu. Aliuliza jina, aliuliza hali,
aliuliza namba iliyochongwa ubavuni.
Nikamulika tochi: nane, tatu, halafu kutu, halafu kama saba.
"Kama saba," alirudia kwa upole,
nikajua tumeshashindwa.

Parafujo za kitako tunauza, alisema.
Mkanda wa begani tunauza, wa ngozi, rangi tatu.
Pini hatuuzi kwa mtu. Kipuri namba kumi na saba kina nyota,
na penye nyota silaha huja yenyewe kwetu,
tukaitia kwa mikono yetu.

Ije vipi, mama?
Kuitoa wilayani nataka kibali cha Lindi.
Lindi wanataka barua ya fundi aliyeidhinishwa.
Fundi aliyeidhinishwa unaye wewe, ng'ambo ya bahari mbili.
Mwanaidi alitafsiri yote isipokuwa tusi.
Kule kimya. Kisha: "Ninaielewa kero yako."
Salio likaisha hapo, kwenye kero.

Mzee Chitanda, pale stendi ya Liwale, angeichonga kwa spoku ya baiskeli
kabla chai haijapoa.
Aliniambia hivyo akitazama pembeni,
nami nikatazama pembeni nyingine.

Maana mwaka ule wa pembe nilikuwepo.
Niliokota maganda ya risasi kwenye mchanga wa Matandu
yangali na joto. Koti langu la kazi
nilimfunikia Saidi Ngatuma, miguu ikabaki nje.
Bunduki za wale watu hazikukosa pini hata siku moja.
Wao hawakusikilizishwa kinanda.
Mahali fulani mtu mpole alifungua droo,
hakuuliza namba.

Kwa hiyo nyota ya yule mama siichukii.
Nachukia tu kwamba huku kote
imeniona mimi.

Tumerudi kwenye madebe. Tunachoma pilipili
na mavi ya tembo mwenyewe, upepo ukitugeukia tunalia sote,
Bi Somoe anakohoa na kutukana kwa Kingindo,
na hayo hayahitaji mkalimani.

Bunduki iko ofisini kwa mtendaji, kwenye kabati la chuma.
Kila Jumatatu naipaka mafuta, naandika daftarini:
Silaha moja. Ipo.
Hakuna safu ya kusema kama inalia.

Jana umekuja ujumbe kwenye simu ya Mwanaidi.
Kuanzia moja hadi tano, umeridhika vipi na huduma yetu?
Akaniuliza niweke ngapi.
Weka nne, nikamwambia. Yule mama alijua kusema pole.
Ya tano ninayo mimi,
kwenye kopo la dawa ya viatu. Ukilitikisa utaisikia.