Sweta

Bulongwa, Julai. Sakitu imeunguza majani ya viazi.
Bibi Tulakela anafumua sweta la mama
karibu na mafiga,
nami ndiye kigingi: mikono mbele, nisitikisike,
uzi unanizunguka, bluu iliyopauka.

Uzi haunyooki.
Umejikunjakunja, unakumbuka mishono yake,
hata baada ya Bibi kuuloweka
na kuuning'inizia jiwe usiku kucha.

"Mama yako naye alikuwa hatulii,"
anasema,
kisha kimya mpaka ugali unaiva.

Jumatatu shule zinafunguliwa. Navaa.
Linanuka moshi.
Mkono wa kushoto umepita vidole,
nanung'unika.

Bibi anapiga goti, anaukunja mara mbili.
"Utaukuta," anasema.
"Wewe kula tu, utaukuta."