Kufuta

Oulu, Januari, saa tisa usiku.
Kidole changu ki juu ya kitufe
na mistari elfu nne na ushei inangoja,
yote ya kichakata kimoja
ambacho kiwanda chake kilishavunjwa,
pakachimbwa bwawa la kuogelea.

Vijana wana haki, nakubali.
Kila kiraka hukishona mara mbili:
mara kwa mashine za leo,
mara kwa kongwe hili lisomalo namba kinyumenyume,
linalotafuna saa kumi na tisa kujenga toleo moja.
"Ya kale dhahabu," nikawatania.
Irja akajibu: "Dhahabu haiombi kukeshewa."

Nikanyamaza.

Ila yuko Vendulka, kule Liberec,
mwenye tanuri la kioo.
Barua yake fupi, haina manung'uniko:
kioo hupoa nyuzijoto mbili kila saa,
na mashine haijakosea hesabu tangu ajifungue;
mwanawe sasa ana ndevu.
Anaomba tu nimwambie mapema
amalize taa za kanisa.

Mashine haijachakaa. Sisi ndio tumechoka,
na uchovu wetu tumeubatiza maendeleo.

Hapana, hapo nimezidisha.
Irja ana mtoto mchanga,
na usiku wake si mali ya Vendulka,
wala si yangu kuugawa.

Nimeondoa kidole.
Nimeandika: katika toleo hili kimo, lijalo hakimo.
Kisha, barua ya pili, mstari mmoja:
Vendulka, zimebaki taa ngapi?