Sahani ya Bi Hostetter

Ilitundikwa ukutani, Nassa, juu ya kabati la dawa,
nyekundu kama barabara ya Magu baada ya mvua,
na ndege mweupe, mkia wa manjano,
ametua juu ya ua kubwa kuliko yeye.
Ukingoni mwaka, umechorwa kwa msumari: 1838.
Hailiwi, niliambiwa. Niipanguse vumbi tu,
Jumamosi, kwa kitambaa kikavu.
Babu wa babu yake aliifinyanga Pensilvania,
zawadi ya arusi.

Siku Mbuke alipoleta mitungi kutoka Kalemela
aliiomba aishike.
Akaigonga kwa ukucha, akatega sikio
kama anayesikiliza ugomvi wa jirani.
"Ilichomwa upande mmoja. Upepo uligeuka."
Kuhusu ndege: "Huyu hajawahi kula samaki."
Kuhusu kung'aa kwake: "Udongo mmeuvisha kioo. Utapumuaje?"
Bi Hostetter akacheka mpaka akavua miwani.

Kisha Mbuke akaipindua.
Mgongoni hapakuwa na pambo, wekundu mtupu,
na kibonyeo karibu na ukingo:
dole gumba la mfinyanzi, sahani ingali mbichi.
Mbuke akaweka lake.
Likaingia.
Akaliondoa, akaliweka tena.

Mitungi aliiuza bei ileile,
akabishania hata senti tano ya mwisho.
Lakini ule nilionunua mwaka uliofuata,
ambao bado unapoza maji jikoni kwangu,
una alama ya kidole kitakoni, mgeni asipopaona.
Mbuke alikuwa hodari wa kulainisha.
Hiyo hakuilainisha.