Kilo Nne na Robo

Nje, hapa Duqm, jiwe linachoma hata kupitia soli.
Ndani ya karakana tumevaa masweta.
Mezani kuna vali mbili za oksijeni, pacha,
kila moja kilo na gramu mia.

Ghuneim kaandika ubaoni kwa kalamu nyekundu: 4.25.
Ndizo zilizozidi.
Kilo moja ya kupanda juu, anatukumbusha,
huku chini inadai mafuta kilo hamsini,
na mafuta nayo yana uzito wake,
na uzito huo nao unataka mafuta.
Deni la riba, asema. Na riba mnaijua.

Heri kinga kuliko tiba, nilifunzwa chuoni.
Hakuna aliyenifunza kinga ina kilo ngapi.

Tumeshatoa rangi ya ndani.
Tumetoa kitambaa cha kuzuia kelele:
watasikia pampu usiku kucha, watazoea.
Tumetoa kibao cha shaba chenye majina ya wafadhili,
na afisa mahusiano hajatusalimu tangu Jumapili.
Mnara wa kuokolea, ule wa kilo mia sita,
unaofanya kazi dakika tatu kisha ukatupwa baharini,
hakuna aliyeugusa hata kwa macho.

Ikabaki vali ya pili.
Kazi yake ni siku moja tu: siku ya kwanza itakapokufa.
Tumeijaribu ya kwanza mara elfu na mia mbili,
haijafa.
Tena hiyo ya pili ina viungo vinne vya kuvuja
ambavyo, isingekuwepo, visingekuwepo.
Nilisema hivyo kikaoni, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Mama alipokuwa anakwenda Unguja kuzika,
uwanja wa ndege Maskati, sanduku lilizidi kilo sita.
Akakaa chini sakafuni, buibui limemzunguka kama wino,
akavaa madera matatu juu ya lile alilovaa,
bakuli la halua akalitia kwapani.
Mizani ikaridhika.
Ndege ikabeba kilo zile zile.

Baba, aliyehesabu mizani nyingine, ile ya vidoleni,
na neno likizidi akalikata hata likiwa jina la mkewe,
aliniachia ubeti mmoja nyuma ya risiti ya petroli:

*Mzigo huupunguzi, ukiutoa kichwani*
*Ukautwika mkwezi, ama mwana mgongoni*
*Uzito hauna wizi, hauibwi na mizani*
*Kila ulipougawa, kuna aliyeubeba*

Saa tisa akaingia Thuraya, nywele bado na jasho la mashine ya kuzungusha.
Yeye ndiye atakayekaa pale.
Akaichukua vali, akaipima kwa kiganja
kama mtu anayechagua komamanga sokoni.
"Hii ndiyo yangu?"
Ghuneim akasema zote zako.
Akairudisha taratibu, isigonge meza.
"Mkiitoa," akauliza, "mtaniambia?"

Kiyoyozi kikanguruma. Mtu akakohoa.
Tukasema tutakwambia.

Kwa hiyo hatukuitoa.

Safari ya siku tano ikawa ya nne.
Maji, chakula na hewa ya siku moja: kilo tatu na gramu mia tisa.
Wale wa vipimo vya damu walilia, na walikuwa na haki,
siku ya tano ndiyo waliyoisubiri miaka sita.
Zikabaki gramu mia tatu na hamsini.
Nilizikwangua kwenye kulabu za parachuti ya tatu,
ambayo hufunguka tu ya kwanza na ya pili zikigoma.
Hesabu zinasema bado zinatosha. Nimezirudia.
Sahihi iliyo chini ya mchoro ni yangu.

Ghuneim akafuta ubao, akaandika sifuri tatu
na nukta kubwa kuliko ilivyohitajika.

Usiku, katika nyumba ya kampuni, nilipanda mizani ya bafuni,
peku, bila hata saa mkononi.
Ikaonyesha nilivyokuwa jana.
Nikashuka, nikasubiri isome sifuri,
nikapanda tena.